Dar es Salaam: yupi ulimpigia kura, yupi uliletewa

Masika ya 2024 mtaro wa mtaani kwetu uliziba, maji yakaingia vyumba vitatu vya uani kwa jirani, na jioni ile tukajikuta watu kumi na watano hivi barazani kwa mwenyekiti wa mtaa. Alitoka na kikoi chake, akatusikiliza mpaka mwisho, akasema barua ameshaandika mbili. Kijana mmoja wa bodaboda akapandisha sauti: "Basi twendeni kwa DC. Si ndiye tuliyempa kura?" Mama anayekaanga maandazi pale kona akamjibu bila kugeuza shingo: "Wewe DC ulimpigia kura kituo gani, mwanangu?"

Tulicheka, kisha kicheko kikafifia. Mzee mmoja akadai DC huchaguliwa na madiwani. Jirani yake akamkatiza: anayechaguliwa na madiwani ni meya. Wa tatu akauliza meya yupi, kwa sababu redioni humsikia Meya wa Jiji la Dar es Salaam, na sisi hatuko Ilala. Mwenyekiti akarudi ndani kuchukua kiti. Alishajua kikao kitakuwa kirefu.

Aliyesema kweli tupu ni mama wa maandazi. Mkuu wa Wilaya, yaani DC, yule ambaye cheo chake kinabeba jina la wilaya yako, hajawahi kuwamo kwenye karatasi ya kura hata mara moja. Huteuliwa na Rais. Lakini hata wale wengine hawakuwa wajinga. Uongozi wa Dar umesukwa kwa nyuzi mbili, moja ya kura na moja ya uteuzi, na zimepishana kiasi kwamba mtu anaweza kukaa mjini miaka ishirini asijue ameshika ipi.

Jiji lililo ndani ya jiji

Tuanze na ramani, kwa kuwa nusu ya mkanganyiko iko hapo. Mkoa wa Dar es Salaam una wilaya tano. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728: Ilala 1,649,912, Temeke 1,346,674, Ubungo 1,086,912, Kinondoni 982,328 na Kigamboni 317,902. Ubungo na Kigamboni ni wilaya changa, zilimegwa kutoka Kinondoni na Temeke katikati ya muongo uliopita. Kila wilaya ina halmashauri yake yenye baraza la madiwani na meya.

Zamani juu ya manispaa hizo palikuwa na Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, iliyoundwa na wawakilishi kutoka manispaa zenyewe. Haikuwa na kata zake wala wakazi wake. Ilisimamia mambo yaliyovuka mipaka, kama vituo vikuu vya mabasi na madampo. Tarehe 24 Februari 2021 Rais Magufuli aliivunja, na hadhi ya jiji akaipa Manispaa ya Ilala. Tangu siku hiyo, "Jiji la Dar es Salaam" katika karatasi za serikali maana yake ni Ilala: Kariakoo, Upanga, Buguruni, Ukonga, Gongo la Mboto na kata nyingine, jumla kata 36. Mtu wa Sinza yuko Manispaa ya Ubungo. Mtu wa Mbagala yuko Temeke. Kisheria hawa hawako jijini, ingawa ukimwambia mtu wa Mbagala kwamba haishi jijini atakuangalia kwa huruma.

Matokeo yake ni kwamba hakuna meya wa Dar es Salaam nzima. Meya wa Jiji hawezi kupeleka gari la taka Manzese. Mtu pekee mwenye mamlaka yanayofunika wilaya zote tano ni Mkuu wa Mkoa, na huyo naye ni mteule wa Rais. Jiji kubwa kuliko yote Tanzania halina hata kiongozi mmoja wa kuchaguliwa ambaye anaweza kusema "mji wangu" akamaanisha wote.

Chaguzi mbili, vitabu viwili

Kura za ngazi za chini hazipigwi siku moja. Kuna uchaguzi wa serikali za mitaa, ambao kwa mjini unahusu mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wa kamati yake, na huja mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu: 14 Desemba 2014, 24 Novemba 2019, 27 Novemba 2024. Halafu kuna uchaguzi mkuu wenyewe, ambamo unampigia Rais, mbunge na diwani wa kata. Diwani ni kiongozi wa serikali za mitaa kama alivyo mwenyekiti, ila hachaguliwi kwenye "uchaguzi wa serikali za mitaa". Ukiona watu wanachanganya, wasamehe. Majina yenyewe ndiyo yaliyowapoteza.

Chaguzi hizi mbili zina wenyewe tofauti. Uchaguzi mkuu unaendeshwa na Tume ya uchaguzi. Ule wa mitaa unaendeshwa na TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, ambayo mwaka 2024 ilikuwa chini ya Ofisi ya Rais, kwa kanuni zinazotungwa na waziri. Mwaka 2024 ilipitishwa sheria mpya ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, na ndani yake kazi ya kusimamia uchaguzi wa mitaa, vijiji na vitongoji ikatajwa miongoni mwa majukumu ya Tume, lakini kwa masharti ya sheria nyingine ambayo Bunge lingeitunga. Novemba ilifika sheria hiyo nyingine haijatungwa, TAMISEMI wakaendesha kama kawaida. Watu walikwenda mahakamani kupinga, hawakufanikiwa.

Na kuna vitabu viwili vya wapiga kura. Hapa ndipo wengi hupoteza haki yao bila kujua. Kadi ya mpiga kura uliyonayo mkobani inatokana na Daftari la Kudumu, la Tume. Kwa uchaguzi wa mtaa linafunguliwa daftari jingine, la mkazi, hapo hapo mtaani, kwa siku chache tu. Mwaka 2024 ilikuwa 11 hadi 20 Oktoba. Unakwenda, unaandikwa jina, basi. Hupewi kadi. Aliyekaa nyumbani akiitegemea kadi yake ya Tume alifika kituoni tarehe 27 Novemba akakuta jina lake halipo, na hakuna wa kumlaumu kwa hilo isipokuwa matangazo ambayo hayakumfikia.

Masharti ya kugombea uenyekiti si mazito: uwe raia, umri wa miaka 21 au zaidi, mkazi wa mtaa, unajua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, una kipato halali. Sharti linalouma ni la mwisho, kwamba lazima udhaminiwe na chama cha siasa. Mgombea binafsi hana nafasi. Yule mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima unamheshimu na asiye na kadi ya chama chochote hawezi kugombea, hata kama mngempa kura nyumba kwa nyumba.

Kiti kidogo, fomu ndefu

Kwa nini kiti kisicho na mshahara kinagombewa mpaka watu wanafikishana mahakamani? Mwenyekiti wa mtaa hulipwa posho tu, na posho hiyo inategemea hali ya mfuko wa halmashauri. Jibu liko kwenye ngazi. Mwenyekiti na wajumbe wake ndio watu wanaojua nani amehamia, nani anadaiwa kodi ya nyumba, nani ana msiba. Chama chenye wenyeviti kina macho na miguu kila kona mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu.

Mwaka 2014 vyama vya upinzani vilivyoungana chini ya jina la Ukawa vilizoa mitaa mingi ya Dar. Uchaguzi wenyewe ulikuwa na vurugu za karatasi: vituo vingine vilikosa vifaa, kwingine majina yalikosewa, baadhi ya maeneo yakarudia siku nyingine, na wakurugenzi kadhaa wakaadhibiwa. Lakini matokeo yalitoa onyo la wazi. Mwaka uliofuata upinzani ukashinda viti vingi vya udiwani na ubunge katika jiji hilo hilo.

Mwaka 2019 mambo yaligeuka. Wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwenye hatua ya fomu, kwa makosa ya kujaza: kifupisho cha jina la chama, tarehe, sahihi. Chadema wakatangaza kujitoa, vyama vingine vikafuata, na CCM ikatangazwa kushinda zaidi ya asilimia 99 ya viti nchini. Mwaka 2024 upinzani ulirudi uwanjani na malalamiko ya fomu yakarudi nao. Safari hii ushindi wa CCM ulitangazwa kuwa zaidi ya asilimia 98 ya mitaa. Msomaji mwenye busara hahitaji kuwa mwanachama wa chama chochote kuona kwamba mji ambao ulikuwa umegawanyika karibu nusu kwa nusu mwaka 2015 haubadiliki kuwa mji wa rangi moja kwa mapenzi tu. Mimi naona tatizo kubwa zaidi liko kwenye fomu kuliko kwenye sanduku. Kura huhesabiwa mbele ya mawakala. Fomu inakaguliwa na mtu mmoja mezani.

Na mtu huyo ni nani? Ni msimamizi msaidizi, aliye chini ya msimamizi wa uchaguzi katika halmashauri, na huyo amezoeleka kuwa mkurugenzi wa halmashauri, ambaye ni mteule wa Rais. Suala hili liliwahi kufika mahakamani kuhusu uchaguzi mkuu: Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema vifungu vinavyowaruhusu wakurugenzi kusimamia uchaguzi vinakiuka Katiba, na Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Kwa hiyo hata yule wa kura anapita kwanza mkononi mwa yule wa uteuzi.

Mtaa si kijiji

Kuna jambo ambalo watu wa mjini wachache wanalijua, na linaeleza kwa nini mwenyekiti wetu alikuwa na barua mbili na hakuwa na koleo hata moja. Kijiji, kwa sheria ya 1982 ya mamlaka za wilaya, kina halmashauri yenye nafsi yake kisheria. Inaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, kutunga sheria ndogo. Na chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasimamia ardhi. Mkutano mkuu wa kijiji una meno.

Mtaa hauna nafsi hiyo. Ni kipande cha kata, kimewekwa kurahisisha utawala. Hauna akaunti ya kujenga mtaro wala ardhi ya kugawa. Mwenyekiti anaitisha mkutano wa wakazi, anasuluhisha ugomvi wa ukuta na mpangaji, anasaidia ulinzi shirikishi, anashuhudia mauziano ya viwanja, anavitambua vikundi vinavyoomba mikopo ya halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Zaidi ya yote anatoa barua ya utambulisho. Ukitaka kufungua akaunti benki, kumwekea ndugu dhamana polisi, kuomba pasipoti au kitambulisho cha taifa, utaambiwa kalete barua ya serikali ya mtaa. Nguvu yake ni muhuri na kufahamiana.

Pembeni yake anakaa mtendaji wa mtaa. Huyu ameajiriwa, analipwa mshahara, anaweza kuhamishwa kesho kwenda kata nyingine. Wakazi huwaita wote wawili "serikali ya mtaa" kwa pumzi moja, na ofisi mara nyingi ni chumba kimoja chenye meza mbili. Ukimkosa mwenyekiti kwa sababu yuko msibani, mtendaji atakuandikia barua yako, na hutaona tofauti.

Halafu yupo mjumbe wa shina, yule ambaye wazee bado wanamwita balozi wa nyumba kumi. Tangu enzi za TANU amekuwa kiongozi wa chama, na leo ni kiongozi wa CCM. Si kiongozi wa serikali. Ila mazoea ni sheria: bado kuna ofisi ambako utaulizwa kwanza "umepita kwa mjumbe?", na aliyezaliwa baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992 anaona hiyo ndiyo ngazi ya kwanza ya dola.

Huko Zanzibar hadithi ni nyingine kabisa. Sheha, anayefanana na mwenyekiti wa mtaa kwa kazi, huteuliwa, na uchaguzi wa mitaa wa TAMISEMI hauvuki bahari.

Diwani, na meya anayechaguliwa na wachache

Neno diwani limetufikia kutoka Kiajemi kupitia Kiarabu, na Kiswahili kikalipa kazi mbili: mjumbe wa baraza, na mkusanyiko wa mashairi. Dar iliwahi kumpata mtu aliyestahili maana zote mbili. Mwaka 1960 Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi mkubwa, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa mji huu. Jina lake leo liko kwenye uwanja wa mpira wa Arusha.

Tangu hapo baraza la mji limevunjwa na kuundwa mara nyingi kuliko mabaraza ya mashairi. Kuanzia mwaka 1972, katika mpango wa Madaraka Mikoani, serikali za mitaa zilifutwa nchi nzima. Huduma za miji zikaporomoka, na mwaka 1978 sheria ikazirudisha mamlaka za miji. Mwaka 1996 serikali kuu ikalivunja tena baraza la Dar na kuweka Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, iliyoendesha mji hadi 2000, ndipo zikazaliwa manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke. Keenja, aliyeongoza jiji kwa uteuzi, mwaka huo huo akaenda kuomba kura Ubungo na akapata ubunge. Halafu ndipo lile pigo la 2021. Kila mara baraza la wachaguliwa linapovunjwa, anayelivunja ni mtu wa juu, na sababu inayotolewa ni ufanisi.

Diwani unamchagua mwenyewe kwenye uchaguzi mkuu. Anaongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata, anakaa kwenye baraza la madiwani ambalo linapitisha bajeti na sheria ndogo. Meya humchagui. Madiwani wanamchagua kutoka miongoni mwao, pamoja na naibu meya ambaye hupigiwa kura kila mwaka. Kwenye halmashauri za vijijini cheo kinacholingana na umeya ni mwenyekiti wa halmashauri ya wilaya, kwa hiyo ukimsikia shangazi yako wa Kilosa akimtaja "mwenyekiti wa wilaya", usidhani anamzungumzia DC.

Ukitaka kujua uchaguzi wa watu wachache unavyoweza kuwa mkali, kumbuka ukumbi wa Karimjee mwaka 2016. Baada ya uchaguzi mkuu wa 25 Oktoba 2015, Ukawa walikuwa na wajumbe wengi wa kutosha kumpata meya wa jiji. Uchaguzi ukaahirishwa, ukaahirishwa tena. Mzozo mkubwa ulikuwa juu ya nani hasa ni mjumbe mwenye haki ya kupiga kura, kwa kuwa wabunge nao ni wajumbe wa halmashauri za maeneo yao, na wabunge wa viti maalumu wanaweza kuhesabiwa huku au kule. Panapokuwa na wapiga kura mia na ushee, kumi wanaohamishwa kutoka safu moja kwenda nyingine wanatosha kubadili meya. Hatimaye tarehe 22 Machi 2016, miezi mitano baadaye, Isaya Mwita wa Chadema akachaguliwa. Januari 2020 madiwani wakapiga kura ya kumwondoa, katika kikao kilichozua ubishi wa akidi. Mwaka mmoja baadaye hata kiti chenyewe hakikuwepo.

Jirani zetu wa Nairobi walichagua njia nyingine. Tangu 2013 gavana wa kaunti anapigiwa kura moja kwa moja na wakazi, na wadi 85 zinachagua wawakilishi wao. Hata hivyo chifu na naibu kamishna wa kaunti bado wanaletwa na serikali ya taifa. Nyuzi mbili zipo kule pia, ila gavana hana haja ya kubembeleza madiwani ili apate kiti.

Walioletwa

Njia rahisi ya kukumbuka ni kusikiliza cheo. Mwenyekiti, diwani, meya, mbunge: nyuma yake kuna kura, ya kwako au ya madiwani wako. Mkuu, mkurugenzi, katibu tawala, afisa tarafa, mtendaji: nyuma yake kuna barua ya uteuzi au ya ajira.

Mkurugenzi ndiye mtendaji mkuu wa halmashauri. Baraza linapitisha bajeti, yeye ndiye anayesaini hundi. Meya anavaa joho na mkufu, anaongoza kikao, anaweza kugomba kwa sauti kubwa, lakini hawezi kumfukuza mkurugenzi. Anaweza kumlalamikia kwa waliomteua.

Mkuu wa Wilaya haongozi halmashauri hata kidogo. Ni mwakilishi wa serikali kuu wilayani na mwenyekiti wa Kamati ya Usalama. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa, sawa na Mkuu wa Mkoa, uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48 akiona anahatarisha amani. Uwezo huo uliwekwa kwa dharura. Umetumika hata kwa watumishi waliochelewa kikao, mpaka mawaziri wakatoka hadharani kuwaonya wakuu wa wilaya. Meya hana uwezo wa kukuweka ndani hata dakika moja. Ndiyo maana msafara wa DC ukipita watu wanasimama, na wa meya ukipita wanauliza huyo ni nani.

Mtaro ni wa nani?

Sasa turudi kwenye maji. Hata ukishajua yupi wa kura na yupi wa uteuzi, bado hujapata mwenye mtaro, maana kazi nyingi zilizokuwa za halmashauri zimehamishwa. Barabara za mitaa na mitaro yake tangu 2017 ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali kuu. Maji ni DAWASA. Umeme ni TANESCO. Kodi ya majengo, iliyokuwa mfuko wa uhakika wa manispaa, ilikabidhiwa TRA, mamlaka ya mapato ya serikali kuu, mwaka 2016, na tangu Agosti 2021 unakatwa ukinunua LUKU, umeme wa kulipia kabla. Kwa hiyo mpangaji wa chumba kimoja analipia nyumba ya mwenye nyumba kila mwezi.

Halmashauri imebaki na shule za msingi na sekondari, zahanati na vituo vya afya, masoko, uzoaji taka, leseni za biashara, vibali vya ujenzi. Si kazi ndogo. Lakini mkazi hukasirishwa zaidi na vitu vitatu, barabara, maji na umeme, na vyote vitatu havimo mikononi mwa yeyote aliyempigia kura katika ngazi ya wilaya. Diwani anaweza kuuliza swali barazani. Mbunge anaweza kuuliza Dodoma. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuandika barua.

Mwaka 2025 tulipiga tena kura ya madiwani, tarehe 29 Oktoba, Chadema wakiwa nje ya kinyang'anyiro, na siku hiyo mitaa ya Dar iligeuka uwanja wa vurumai na intaneti ikazimwa. Mengi yamesemwa juu ya kura ya Rais siku ile. Kura ya udiwani, iliyokuwa kwenye kituo hicho hicho, karibu haikutajwa na mtu. Kura ya mwenyekiti itarudi 2029, kwa mazoea ya kila miaka mitano, na daftari lake litafunguliwa kwa siku chache tena.

Mtaro wetu ulizibuliwa Agosti 2024, katikati ya kiangazi, vumbi limejaa. Walikuja vijana sita na koleo, na gari lisilo na maandishi. Ilipofika kampeni za Novemba mwenyekiti alisimama juu ya benchi la fundi seremala akauhesabu mtaro ule miongoni mwa kazi zake. Mama wa maandazi akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, zile barua zilikuwa mbili au tatu?"

"Nne," akasema. "Moja niliipeleka mwenyewe kwa miguu."

Akampa kura.